Hema Lililojifunza Udereva

Mzee Turubai alinyang'anywa ufunguo wa stoo siku ya harusi ya watu, na aliyemnyang'anya alikuwa binti yake wa kumzaa.

Tusimwonee binti. Mzee alikuwa amestaafu kwa heshima zote. Keki ilikatwa, hotuba zikasomwa, na biashara ya kukodisha maturubai na viti akamkabidhi binti mbele ya mashahidi. Lakini kustaafu kwake kulikuwa kustaafu kwa jogoo: hata umfungie nje ya banda, alfajiri atawika tu. Kila turubai liliposimamishwa, naye yupo. "Vuta! Legeza! Nani kakufundisha kufunga kamba hivyo, mama yako au adui yako?" Vijana wa kazi wakawa hawajui wamsikilize nani, bosi aliye na simu au bosi aliye na koo.

Kikombe kikajaa siku hiyo. Maharusi wamesimama, kiapo kimefika katikati, bibi harusi machozi yanamlenga. Mzee akapita mbele ya watu, akamshika bwana harusi bega na kumwambia taratibu, "Hebu sogea kushoto kidogo, kijana, nguzo imelala." Bwana harusi akasogea. Picha zote za kiapo zikatoka bibi harusi ameshikana mkono na nguzo.

Binti akamfuata baba yake nyuma ya gari la mizigo, akanyoosha kiganja.

"Baba, ufunguo."

"Ufunguo gani tena?"

"Huo uliouficha kwenye soksi."

Mtu aliyezoea kuamrisha ukimkosesha wa kumwamrisha, ataviamrisha vyombo. Mzee alirudi nyumbani akahamia jikoni kwa mkewe. Sufuria zikapangwa kwa mistari, kubwa nyuma, ndogo mbele, kama wageni waalikwa. Vikombe vikawekewa njia ya kupita katikati. Makochi ya sebuleni yote yakageuzwa kutazama upande mmoja, hata jirani akija kuomba chumvi anakaa kama anayesubiri mgeni rasmi.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "mimi niliolewa na mume. Sikuolewa na shughuli."

Wakaketi watatu, mzee, mkewe na binti, wakafanya mapatano. Binti ndiye aliyeyasema, kwa sauti ile ya kibiashara aliyoinyonya kwa baba yake. Maana Mzee Turubai katika enzi zake alikuwa na sifa moja mjini kote. Mteja akija juu kwamba mvua ya ubavuni imewalowesha wageni, mzee humjibu kwa upole, "Nilikuahidi kivuli, bwana. Kuta hatukuzitaja." Mwingine akilalamika wageni wamekula sahani zikiwa mapajani, "Uliomba viti. Meza hatukuzitaja." Watu walikasirika, kisha wakacheka, kisha wakarudi kukodi meza.

"Mtakwenda kupumzika," binti akasema. "Kuna ile hifadhi ya msitu kando ya mto, watu wanapiga mahema wanalala. Ijumaa mpaka Jumapili. Baba, kule usimwamrishe mtu, wala usiguse kamba ya mtu. Ukirudi hujatoa amri hata moja, ufunguo ni wako. Ukitoa hata nusu, uusahau. Mama ndiye refa."

"Unaahidi ufunguo?"

"Naahidi ufunguo."

Mzee akampa mkono kabla hajabadili mawazo.

Mateso yalianzia kwenye hema lenyewe. Mkewe alilinunua dukani, liko ndani ya mfuko wa duara kama sinia. Unalitoa, unalirusha juu, linafumuka hewani na kutua limesimama. Halina nguzo, halina kamba, halimwombi mtu ushauri. Mzee alilizunguka kiwanjani akilitazama kama baba anavyomtazama mchumba wa bintiye aliyekuja amevaa kaptula.

"Hema lisilotaka kigingi," akasema, "ni mwavuli wenye kiburi."

"Hiyo ni amri?" akauliza refa.

"Ni maoni."

"Maoni ruksa."

Mahali penyewe palikuwa pazuri, ukweli usemwe. Miti mirefu iliyokutana vichwa juu, majani makavu yanayolia chini ya kiatu, na mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa ukipita bila haraka. Kando ya bomba la maji kulikuwa na ubao wa askari wa hifadhi: usikate miti, usioshe vyombo mtoni, usilishe kindi, usiache moto. Mzee aliusoma mara mbili, kwa wivu. "Mwenzangu huyu anafaidi," akasema. "Amri tele, na hakuna anayempokonya ufunguo."

Angepona, huenda, kama kiwanja cha pili kingebaki kitupu.

Alasiri hiyo likaja gari dogo lenye kibao juu ya paa, MWANAFUNZI. Akashuka mwalimu wa udereva, mwanamume mwembamba mwenye filimbi shingoni. Akashuka mkewe. Halafu, baada ya mlango wa nyuma kufunguliwa na kushikiliwa, akashuka mama mkwe, na gari likainuka kwa shukrani. Mama mkwe huyu, kama ilivyojulikana mapema kwa kuwa hakuwa mtu wa kunong'ona, hakuwahi kuelewa mkwewe anafanya kazi gani. "Anakaa upande usio na usukani," aliwaeleza majirani zake wapya hata kabla hawajasalimiana vizuri, "halafu anachoka." Mwalimu alikuwa amemleta msituni ili wazoeane.

Basi wakaanza kupiga hema. Lilikuwa hema la kweli, la nguzo na kamba. Mzee Turubai akavuta kiti karibu.

Mwalimu alisimamisha hema kama anayeegesha gari. "Nyuma, nyuma, nyuma," alimwambia mkewe aliyeshika nguzo. "Kata kushoto. Kata, kata, kata. Breki!" Mkewe akasimama pale pale. Kwa mama mkwe hakuthubutu. Akapitisha maneno kwa mkewe. "Mwambie mama, kama haitamsumbua, aachie hiyo kamba aliyoikalia."

Kisha vigingi. Akavipigilia wima, vimesimama kama askari wa gwaride. Hata mtoto wa muuza viti anajua kigingi hulazwa, kichwa nje, kama mtu anayemvuta ng'ombe mkaidi. Mzee aliona cha kwanza kikiingia wima, akafumba macho. Cha pili, akashika viti viwili vya uvumilivu, yaani magoti yake. Kamba zilipovutwa, vigingi vikang'oka kimoja baada ya kimoja, kama meno ya mtoto.

"Baba watoto," akasema mkewe, hata hajainua uso kwenye ufumaji wake.

"Sijasema kitu."

"Pua yako imesema."

Mwalimu akajikuna kichwa. Akaangalia huku, akaangalia kule, uso ukang'aa kama aliyefumbuliwa fumbo. Akachukua kamba mbili za mbele akazifunga kwenye bampa la gari lake. Fundo maradufu. Akapiga hatua nyuma, akapuliza filimbi kidogo kujipongeza.

Mzee Turubai akasimama. Akaketi. Akasimama tena, akaenda mpaka kwenye mti uliokuwa katikati ya viwanja viwili, akauinulia sauti. "Ewe mti! Ungekuwa mtu, ningekwambia usifunge hema kwenye kitu chenye magurudumu!"

Mwalimu akampungia mkono kirafiki. Mke wa mzee akatoa kitambaa cha njano cha kufutia vyombo, akakiinua juu.

"Mti si mtu!" mzee akalalamika.

"Ndiyo maana ni njano."

Asubuhi ya Jumamosi mzee alikuja na mbinu mpya. Hadithi si amri, na refa alikubali, kwa sharti kwamba isiwe na mafunzo mwishoni. Wakaalikana chai, familia zote mbili, na mzee akaweka kikombe chini.

"Kulikuwa na harusi moja," akaanza, "na fundi mmoja, simtaji, kwa uvivu wake akafunga turubai kwenye pikipiki ya mjomba wa bibi harusi. Wazee wa watu wamekaa kivulini, sahani mkononi. Mjomba akakumbuka kasahau zawadi nyumbani. Akawasha. Kivuli kikaondoka kama mgeni asiyeaga, wazee wakabaki juani na vijiko mdomoni. Upepo ukaingia ndani ya turubai, likapanda. Pikipiki ikapanda. Mjomba huyo juu, bado anabadilisha gia! Akavuka mto, akavuka reli, akashukia kwenye harusi nyingine kabisa ya watu asiowajua. Wakampokea, wakamkalisha mbele, akatoa hotuba, akalia machozi ya furaha. Mpaka leo wanamwita mjomba."

Akawatazama majirani kwa zamu, akisubiri kamba ifunguliwe.

"Walimlisha?" akauliza mama mkwe.

"Walimlisha."

"Wakamfungia na cha kuondoka nacho?"

"Wakamfungia."

"Mwanamume mwenye bahati," akasema mama mkwe, akasukuma kikombe kiongezwe chai.

Mwalimu alikuwa amezama katika mawazo. Akainua kidole. "Kosa la mjomba ni moja tu, mzee. Hakutazama kioo cha nyuma."

Mzee akanywa chai yake yote kwa mkupuo, na ilikuwa ya moto.

Mchana wakala, wakashiba. Mama mkwe akaingia hemani, akavuta zipu, na baada ya muda mfupi koroma lake likawa linapishana na ndege. Mke wa mzee naye akasinzia kwenye kiti, ufumaji kifuani. Ndipo mwalimu akaangalia ile njia ya vumbi iliyoshuka kutoka viwanjani mpaka pale mitumbwi inapoingizwa mtoni, akaona haina mabasi, haina ng'ombe, haina polisi.

"Njoo," akamwambia mkewe. "Leo utaendesha wewe. Nusu saa tu, mama akiwa amelala."

Mzee akakauka. Kamba mbili zilikuwa palepale, fundo maradufu, bampa huku, hema kule, na ndani ya hema mama mzima. Akamtazama refa wake: macho yamefumba, lakini mke wa miaka mingi husikia hata kwa kope. Amri hairuhusiwi. Kamba haiguswi. Lakini swali? Nani alikataza swali?

"Jirani!" akaita. "Habari za kamba?"

"Nzuri, mzee!"

"Wewe ni mtu wa kukumbuka kamba zako?"

"Sana, mzee!" akajibu mwalimu, akafunga mkanda.

Injini ikawaka. Ikazimika. Ikawaka tena. Gari likaruka kama chura, likatulia, likaanza kwenda. Kamba zikanyooka. Nguzo ya mbele ikainama kwa adabu, na hema, lililokuwa limeshikwa ardhini na matumaini tu, likaanza safari.

Majani makavu yalikuwa mengi na chini ya hema kulikuwa na turubai laini, kwa hiyo halikwenda kwa kishindo. Lilikwenda kwa heshima zake, likiserereka kama kiti cha enzi. Ndani ya gari, mwanafunzi alikuwa ametoa macho kwenye kioo.

"Mume wangu, kuna kitu kinatufuata."

"Kila dereva mpya huona kitu kinamfuata. Macho mbele."

"Ni kikubwa."

"Ni woga huo. Gia ya pili!"

Dirisha la hema likafunguliwa, uso wa mama mkwe ukatokeza, nywele zimelala upande mmoja. Akaona miti inapita. Akamwona Mzee Turubai anapita naye, amesimama mdomo wazi.

"Hamjambo hapo, jirani!"

"Hatujambo, mama! Mmeamkaje?" akajibu mzee, kwa maana adabu ni adabu.

"Salama. Ndiyo tunaondoka? Mbona hawa hawakuniambia nivae viatu?"

Njia ikaanza kuteremka. Mbele kulikuwa na mto, wa rangi ya chai, hauna haraka, unasubiri. Mwalimu akasema kata kushoto. Mwanafunzi akakata kulia, akarekebisha, wakarudi katikati, wakaelekea majini moja kwa moja wakiwa wamenyooka vizuri kabisa.

Mzee Turubai akauona ufunguo wake. Aliuona wazi, mrefu, mweusi wa mafuta ya mkono wake mwenyewe, umening'inia msumarini pale mlangoni. Akaliona lile banda alilolijenga matofali kwa matofali, maturubai yamekunjwa, viti vimepandiana. Akauona ufunguo unakuwa mdogo, mdogo, kama mtu anayepungiwa mkono kwenye treni. Halafu akajaza mapafu.

"BREKI! Kanyaga breki! Mguu wa kulia, wewe! BREKIII!"

Ndege wakaruka kutoka kwenye miti ya ng'ambo. Mwanafunzi, aliyefundishwa kulitii neno hilo bila kuuliza nani kalisema, akakanyaga kwa miguu yote miwili. Gari likasimama, magurudumu ya mbele yakinywa maji. Hema, kwa kuwa lenyewe halikufundishwa, likaendelea kidogo, likagonga buti kwa upole na kutulia.

Kisha zipu ikafunguka, taratibu, jino kwa jino. Mama mkwe akatoka peku. Akautazama mto, akautazama umbali aliotoka. Akamgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo," akasema, "kazi yake sasa nimeielewa."

Mzee alipogeuka, mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, ufumaji chini. Amesimama tangu lini, hakujua. Akasubiri kitambaa. Hakikutoka. Mkewe akampita, akaenda kwa mwalimu aliyekuwa ameshuka garini na nyundo yake, akampokonya.

Na hapo Mzee Turubai akaona jambo ambalo hajaliona siku nyingi. Mkewe, ambaye miaka ile ya mwanzo ndiye alikuwa akishika upande wa pili wa kila turubai, alilisimamisha lile hema upya kabla mwalimu hajamaliza kuomba radhi. "Wewe shika hapo. Si hapo, hapo! Mwanaume mzima unaogopa kamba? Laza kigingi. Kilaze kama unamvuta ng'ombe! Mama, wewe kaa tu, umesafiri vya kutosha." Mzee alikaa kitini kwake, hana ruhusa ya kusema lolote, akamtazama kama siku aliyomtongoza.

Refa hakuisoma hukumu. Jioni mzee akakohoa kidogo, akauliza, "Refa, vipi matokeo?" Mkewe akasema supu inapoa. Akalala usingizi wa mtu aliyeshiba, na mzee akalala akihesabu maturubai ambayo hatayaona tena.

Jumapili wakafungasha. Hema la dukani, lililosimama lenyewe kwa sekunde, lilikataa katakata kukunjwa. Mzee aliyewahi kukunja turubai la watu mia tano gizani alilikunja huku likafumuka kule, akalikalia likamrusha, mwisho likammeza na kubakiza viatu nje. Ikabidi mwalimu wa udereva aje kumwokoa.

"Rudi nyuma, mzee. Kata kulia. Kata, kata, unaweza. Sasa kandamiza... breki!"

Mzee akatii kila neno. Hema likawa sinia. Mama mkwe akalikalia mpaka mfuko ulipofungwa.

Nyumbani binti alikuwa amewasubiri sebuleni, kwenye makochi yaliyotazama upande mmoja.

"Haya, mama. Alitoa amri?"

Mzee akaangalia dari. Mkewe akavua viatu, akanywa maji, akafuta mdomo.

"Kulitokea kizaazaa kidogo mtoni," akasema. "Lakini kwa masikio yangu haya mawili, nilisikia sauti moja tu ikipiga kelele za breki, nayo ilikuwa yangu."

Binti akamtazama mama, akamtazama baba, akacheka puani. Akatoa ufunguo mkobani, ule ule mrefu mweusi, akauweka kiganjani mwa mzee.

Binti alipoondoka, mzee akasogea karibu na mkewe. "Kweli na wewe ulipiga kelele?"

"Kwani na wewe ulipiga?"

Mzee akaugeuza ufunguo kiganjani.

"Basi tusichunguzane," akasema mkewe. "Ulitaka nisemeje? Niendelee kukaa na mwanamume anayezipangia sufuria zangu viti vya mbele?"

Jumatatu asubuhi Mzee Turubai alioga, akavaa shati la kazi, akaenda stoo akipiga mluzi. Akautia ufunguo kwenye kufuli. Haukuingia. Akaugeuza. Haukuingia. Akaupuliza, akaufuta kwenye suruali, akainama kutazama. Kufuli lilikuwa jipya, linang'aa, dogo, na lina tundu la ufunguo usiofanana na wake hata kwa ukoo.

Kutoka ndani, katikati ya mlio wa viti vikipandishwa juu ya viti, ikaja sauti ya kibiashara, ya upole.

"Nilikuahidi ufunguo, baba. Kufuli hatukulitaja."

Vijana wa kazi walitoka mbio wakidhani mzee amepatwa na jambo. Walimkuta amekaa kwenye ngazi, ameshika mbavu, anacheka mpaka kofia imeanguka. "Sikilizeni," akawaambia akifuta machozi, "huyo msibishane naye. Huyo nimemzaa mimi."

Ufunguo hakuurudisha. Siku hizi yeye na mkewe huenda kule mtoni kila wanapopata nafasi. Hema la kamba na vigingi walilichagua pamoja, na mkewe ndiye anayetoa amri. Mzee anavua. Ufunguo ameufunga kwenye mshipi kuwa chubwi, maana ni mzito na unazama vizuri, na anasema samaki wa pale ni wateja wagumu lakini hawadai meza.

Safari ile ya hema nayo imeendelea kukua kila anapoisimulia. Mara ya mwisho niliyomsikia, gari lilikuwa limevuka mto kwa gia ya pili, na mama mkwe alipofika ng'ambo alipokelewa kwa vigelegele, akakalishwa mbele, akaombwa aseme machache. Mtu akibisha, mzee hagombani naye. Anavuta mshipi polepole, anamwonyesha ule ufunguo unaochuruzika maji, na kumwuliza: kama ni uongo, huu umefikaje mtoni?